Kinachobaki Ndani ya Nguo: Hotuba kuhusu Ufuaji na Ngozi ya Ukurutu

(Hotuba hii ilitolewa Lamu mbele ya akina mama, walezi na madobi. Tumeiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, dada zangu, kaka zetu madobi mlioketi karibu na mlango, na nyinyi bibi zetu mlioacha upepo wa baraza zenu mkaja kukaa kwenye viti hivi vya plastiki: ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe.

Mtoto mwenye ukurutu, pumu ya ngozi kama wengine wanavyouita, akiamka usiku anajikuna, tunalaumu nini kwanza? Samaki. Halafu jicho la watu. Halafu sabuni. Samaki na jicho tuviache leo, maana kilichotuleta hapa ni sabuni.

Tunalaumu sabuni, tunabadilisha sabuni. Mwezi huu pakiti ya buluu, mwezi ujao ya kijani, mwezi wa tatu ile yenye picha ya kichanga, ambayo bei yake ni mara mbili. Na mtoto bado anajikuna! Kwa nini?

Kwa sababu mzio wa kweli wa sabuni ya kufulia ni nadra. Uchunguzi wa vituo kadhaa vya Marekani Kaskazini, uliochapishwa mwaka 2002, uliwapima mamia ya wagonjwa wa ngozi kwa sabuni za kufulia. Waliodhaniwa kuwa na mzio hawakufika hata mmoja katika mia. Na vile vimeng'enya vinavyotiwa kwenye sabuni ya unga ili viondoe madoa ya damu na mchuzi, vinavyosemwa vibaya kila siku, havijaonekana kuzidisha ukurutu nguo ikisuuzwa ipasavyo.

Basi kinachomwasha ni nini? Mara nyingi ni kile kilichobaki ndani ya nguo. Ngozi ya mtoto huyu ni kama ukuta wa matumbawe uliobanduka chokaa: unyevu unatoka, na vya nje vinaingia. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH ya karibu 5; pH ni kipimo cha uchachu, na namba ikipanda uchachu unapungua. Maji ya sabuni ya unga yanafika 10. Nguo isiyosuuzwa vizuri inakauka na sabuni yake ndani, mtoto anavaa, anacheza, anatoka jasho, na ile sabuni inayeyuka upya, safari hii juu ya ngozi. Ndiyo maana joto la Kaskazi likikaza, mwezi wa pili na wa tatu, malalamiko yanaongezeka hata kwa aliyekuwa amepoa.

Kabla ya kulaumu nguo, itazameni ngozi inavyosema. Mwasho ukiwa ndani ya viwiko na nyuma ya magoti, huo mara nyingi ni ugonjwa wenyewe, una njia zake. Mwasho ukifuata mpira wa kiunoni, ukosi wa kanzu, pembeni mwa kwapa, kati ya mapaja, hapo shukuni nguo. Na msingoje wekundu wa kwenye vitabu. Kwenye ngozi zetu ukurutu huonekana mweusi zaidi, au wa kijivujivu, na vipele vidogo vigumu ukipitisha kidole.

Nimekuja na jambo kubwa moja, na mengine yote yanalifuata. Jambo lenyewe ni kusuuza.

Chukueni mama mmoja wa Langoni. Maji ananunua kwa mtungi wa lita 20, na kila mtungi ana hesabu nao. Nguo za mtoto anazifua kwa lita 5, zinabaki lita 15 za kusuuza. Anazimimina zote kwenye beseni kubwa, anazamisha nguo, anazigeuza, anakamua, anaanika. Amekosea wapi? Maji ametumia. Bidii ametia. Tatizo ni hesabu.

Nguo zile zikikamuliwa vizuri zinabaki na kama lita 1 ya maji ya sabuni. Ukizitia ndani ya lita 15, jumla ni lita 16, na ukikamua tena unabakiza sehemu 1 katika 16 ya ile sabuni. Sasa zigawe lita zilezile 15 mara tatu, lita 5, lita 5, lita 5, ukikamua kila mara. Suuzo la kwanza linabakiza 1 katika 6. La pili, 1 katika 36. La tatu, 1 katika 216. Maji ni yaleyale, mama zangu! Hakuna tone lililoongezwa. Kilichobaki kimepungua zaidi ya mara kumi na tatu.

Lakini kuna sharti, na hapa ndipo wengi tunapoteleza. Kukamua. Nguo ikitolewa inachuruzika, ikatupwa kwenye beseni la pili vilevile, inaingia na kama lita 3 za maji ya sabuni badala ya 1. Pigeni hesabu: suuza mara tatu bila kukamua, bado una sehemu 1 katika 19. Karibu sawa na aliyesuuza mara moja! Umechoka mara tatu, faida ni ile ile. Kwa hiyo kamua baada ya kufua, kamua baada ya suuzo la kwanza, kamua baada ya la pili. Taulo na shuka nzito zikamuliwe na watu wawili, mmoja kila upande. Kitambaa chepesi cha kichanga kisisokotwe, kikandamizwe tu kwa viganja kwenye ubavu wa beseni.

Mwenye mashine naye asijione amepona. Mashine zinazotumia maji kidogo zinasuuza kwa maji kidogo. Usiijaze hadi mlango, acha nafasi ya kiganja juu ya nguo, na bonyeza kitufe cha suuzo la ziada.

Na sabuni yenyewe kiasi gani? Tunapima kwa konzi. Konzi ya nani? Ya mama au ya shangazi mwenye mkono mpana? Kwa lita 10 za maji, nguo zisizo na matope zinatoshwa na vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya unga, vilivyosawazishwa, visiwe vya mlima. Unga uyeyushwe kwanza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, ndipo nguo iingie. Ukinyunyiza unga juu ya nguo, chembe zinajificha kwenye mishono na mifuko, na suuzo hazizifikii. Nguo ya mtoto igeuzwe ndani nje kabla ya kufuliwa: jasho na mafuta viko upande huo. Povu jingi halifui kuliko povu dogo. Povu jingi linadai maji mengi ya kulitoa, basi.

Mnataka kipimo? Chukua chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, itie maji ya suuzo la mwisho hadi nusu, funga, tikisa kwa nguvu mara kumi, iweke chini. Povu likibaki limesimama baada ya dakika moja, nguo bado. Ila kipimo hiki kinaaminika kwa sabuni ya unga na ya maji. Sabuni ya kipande kwenye maji ya kisima itakudanganya, haitoi povu hata ikiwa imejaa tele.

Na hapo tumefika kwenye maji yetu.

Sote twajua: maji matamu ya Lamu yanatoka chini ya michanga ya Shela, na visima vya mjini vilivyo karibu na bahari vina chumvi. Sasa yuko bibi wa Mkomani, mtu msafi, hana mfano. Anafua kwa maji matamu, kwa sababu kwenye maji ya kisima sabuni ya kipande haitoi povu. Kisha anasuuza kwa maji ya kisima, kwa sababu ni ya bure na ni mengi. Wangapi hapa tunafanya hivyo? Inueni mikono, msione haya. Naam. Karibu nyote.

Mpango huo umepinduka, na sababu ni hii. Sabuni ya kipande, ikikutana na madini ya maji magumu na ya chumvi, inaganda. Ule utando mweupe unaoshika beseni, ule unaoukwangua kwa ukucha, ndio huohuo unaoshika nyuzi za nguo. Ukisuuza nguo yenye sabuni ya kipande kwa maji ya kisima, unaigandisha sabuni ndani ya kitambaa. Mashuka yanakuwa makavu kama mkeka, kanzu nyeupe inapata ukijivu, na watu wanasema sabuni ni mbovu. Juu yake, maji ya chumvi yakikauka, chumvi inabaki, na chumvi inavuta unyevu wa hewa na kuchoma ngozi iliyopasuka.

Geuzeni. Kama una maji ya kisima na maji matamu machache, fua kwa maji ya kisima, lakini kwa sabuni ya unga au ya maji, ambazo hazigandi kama ya kipande. Suuza mara ya kwanza kwa maji ya kisima. Suuzo la pili na la tatu liwe la maji matamu, au la mvua kwa wenye birika na jabia za kukingia mvua. Maji mazuri yawe ya mwisho. Mkisahau yote niliyosema leo, msisahau hilo: maji mazuri yawe ya mwisho. Na sabuni ya kipande iacheni kwa sufuria, au muitumie siku ya mvua.

Kuna atakayeuliza, je, si bora tununue mtambo wa kulainisha maji? Watafiti wa Sheffield na London walionyesha, katika kazi iliyotoka 2017, kwamba ngozi ikioshwa kwa maji magumu hubaki na sabuni nyingi zaidi na huwashwa zaidi. Lakini mwaka 2011 Uingereza walikuwa wameshaijaribu mitambo hiyo kwa utafiti wa watoto 336 wenye ukurutu, na ngozi za waliofungiwa hazikupata nafuu kuliko za wasiofungiwa. Pesa hiyo nunulieni maji na marhamu.

Siki nyeupe inasaidia kuuondoa ukali wa sabuni uliobaki. Mililita 100, kama nusu ya kikombe cha chai, ndani ya lita 10 za suuzo la pili. Loweka dakika tano, kamua, kisha suuzo la mwisho la maji matupu. Harufu yake inaondoka na jua. Lakini sikilizeni vizuri hapa. Siki na Jik, dawa ya kung'arisha nguo, havikutani! Wala beseni moja, wala mfululizo bila kusuuza katikati. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na kwenye vyoo vyetu vya ndani visivyo na dirisha gesi hiyo inakaba pumzi mara moja. Na ndimu badala ya siki? Hapana. Maji ya ndimu yakibaki mikononi ukatoka kuanika juani, yanaunguza ngozi, malengelenge kisha mabaka meusi ya wiki nyingi.

Sasa nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Harufu.

Kulikuwa na mtoto wa kike wa chuo cha Kurani, ngozi yake ikitulia wiki nzima, halafu kila Jumamosi shingo na mabega yanawaka. Sabuni ile ile, chakula kile kile, marhamu anapakwa. Mama yake akachoka kufikiri. Jumamosi kuna nini? Jumamosi hakuna kitu, ila kabla yake kuna Ijumaa. Nguo ya Ijumaa ilikuwa inatandazwa juu ya chetezo Alhamisi usiku, ikafukizwa udi uliopikwa kwa sukari na marashi, na shingoni pakaguswa mafuta ya atari. Mwasho wa mzio hauji pale pale, huchukua siku moja hadi tatu. Ndiyo maana Ijumaa alionekana mzima, na lawama ikaangukia Jumamosi.

Jamani, sisemi udi uachwe. Nani ataniacha nishuke ngazi hizi salama? Nasema moshi una mafuta yake, na mafuta hayo yanakaa nguoni yalipokusudiwa kukaa. Manukato ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za mzio wa ngozi duniani. Fukizeni chumba mtoto akiwa nje. Fukizeni buibui la juu la mama. Nguo ya mtoto inayogusa mwili, mto wake na shuka yake, visiguse chetezo.

Na dawa ya kulainisha nguo ni hadithi hiyohiyo ndani ya chupa. Kazi yake ni kubaki. Imetengenezwa ishike nyuzi isitoke, pamoja na manukato yake, kwa hiyo suuzo zote tatu haziwezi kuitoa. Kwa nyumba yenye mgonjwa, iacheni tu. Nguo iliyosuuzwa vizuri ikakung'utwa mara mbili tatu kabla ya kuanikwa na baada ya kuanuliwa italainika ya kutosha.

Dukani basi tuchague vipi? Geuza pakiti, soma nyuma, mbele ni mapambo. Ukiona "perfume", "parfum" au "fragrance", irudishe. Unayotaka imeandikwa "fragrance-free". Iliyoandikwa "unscented" inaweza kuwa imetiwa kiungo cha kuficha harufu, ambacho nacho ni manukato. Neno "hypoallergenic" msilipe thamani kubwa. Huko Marekani mamlaka ya chakula na dawa yenyewe inasema hakuna kiwango cha serikali kinacholisimamia. Sabuni za maji, kwa kuwa zina maji, hutiwa dawa za kuzuia kuoza, na mojawapo, "methylisothiazolinone", imewasumbua wengi kwa mzio. Unga mkavu kwa kawaida hauhitaji dawa hizo. Kwa hiyo ukiniuliza mimi: unga wa kawaida, mweupe, usio na manukato, na ukikosa usio na manukato kabisa, ule wenye harufu ndogo kuliko yote, ukapimwa kwa kijiko na kusuuzwa mara tatu. Ukibadilisha, badilisha kitu kimoja tu, ukae nacho wiki tatu. Ukibadilisha sabuni, mafuta na chakula kwa siku moja, hutajua kilichosaidia.

Nguo mpya zifuliwe kabla ya kuvaliwa, zote. Leso mpya, yaani kanga, ina wanga na rangi ya ziada, iloweke peke yake usiku mmoja, isuuze hadi maji yawe safi. Vitambaa vyeusi na vya buluu iliyoiva vya poliesta, pamoja na mabuibui mengi, hutiwa rangi ambazo baadhi yake husababisha mzio pale kitambaa kinapobana na jasho kuwa jingi; vaa pamba ndani yake. Kanzu ya mtoto isitiwe wanga kwenye ukosi. Hariri? Uingereza walijaribu nguo za hariri maalumu kwa watoto 300, matokeo yakatoka 2017, hazikuzidi nguo za kawaida. Pamba laini, pana, inatosha.

Vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, nafthalini, msiviweke kabisa kwenye nguo za vichanga. Hapo ukurutu ni jambo dogo. Kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli za damu, upungufu ambao upo sehemu za malaria kama pwani yetu, mvuke wake unaweza kuvunja seli za damu.

Shuka na foronya za mgonjwa zifuliwe kila wiki, na kama ana chafya na pua za asubuhi, kwa maji ya moto, kwani wadudu wa vumbi wanapenda unyevu wa kisiwa hiki na hufa kwenye nyuzi 60. Hakuna kipimajoto? Lita 5 za maji yaliyochemka juu ya lita 5 za maji ya mtungini zinatoa kama nyuzi 64, na beseni likishakunywa joto lake unabaki karibu na 60. Funika dakika ishirini. Watoto wakae mbali, ngozi inaungua kwa maji hayo upesi sana.

Joto hilo pia linayeyusha mafuta ya mgando tunayowapaka watoto, ambayo sabuni ya baridi haiyawezi. Na hapa nina onyo. Mafuta hayo yakikolea nguoni, nguo inashika moto haraka na kuwaka kwa kasi. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo hilo mwaka 2018, na ikasema kufua hakuyatoi yote. Sasa fikirini nyumba zetu: jiko la makaa, koroboi umeme ukikatika, chetezo. Mtoto aliyepakwa mafuta asikae karibu na makaa, na shuka yake isifukizwe kamwe.

Haya yote hayachukui nafasi ya dawa. Ngozi ikitoa usaha, ikiwa na magamba ya manjano, au mtoto ana homa, msikae mkijaribu sabuni. Nendeni hospitali ya King Fahd siku hiyohiyo.

Nimalizie na wenye mikono, madobi na dada zetu wanaofulia nyumba za watu. Wataalamu wa afya ya kazini Ujerumani wanasema mikono ikikaa majini zaidi ya saa 2 kwa siku, hiyo tayari ni kazi ya hatari kwa ngozi. Nyinyi mnakaa saa ngapi? Vueni pete kabla ya kufua: sabuni inajificha chini yake, na ukurutu wa mkono mara nyingi huanzia hapo, au kwenye utando wa kati ya vidole. Glavu za mpira ziwe ndefu, ndani yake vaeni za pamba, na za pamba zikilowa jasho badilisheni, kwa hiyo muwe na jozi tatu. Glavu yenye tundu ni mbaya kuliko mkono mtupu, maana sabuni inafungiwa ndani. Jik isishikwe bila glavu hata mara moja. Mkimaliza, osheni mikono kwa maji matamu, kausheni kati ya vidole, pakeni mafuta ya mgando mazito yasiyo na harufu.

Bei ya suuzo la tatu mkubaliane na wenye nguo mapema, maana maji ni pesa, na asiyelipia maji asidai nguo isiyowasha. Maswali sasa. Tuanze na madobi, halafu bibi zetu, halafu sisi wengine.